Nywele za Verlin

Jumatatu, 3 Februari 2025
Jangwani, kusini mwa Quartzsite, Arizona.

Asubuhi nyuzijoto sita. Mchana ishirini na mbili. Binti yetu Larysa amepiga simu kutoka Saskatchewan: huko ni hasi thelathini na moja, na gari lake limekataa kuwaka. Nilimsikitikia. Si sana.

Siku ya kimya. Nimefuta vumbi kwenye paneli za sola. Nimepima upepo wa magurudumu yote sita. Nimesoma kurasa arobaini nikiwa kivulini mwa gari. Hii ni nyumba yetu kuanzia Novemba hadi Aprili — kitanda, jiko, choo na usukani chini ya paa moja — na kwa majira tisa ya baridi sijaona sababu ya kuilalamikia.

Mke wangu Stefka ameoka mkate wa ndizi. Nilidhani ni wetu. Nusu imekwenda kwa jirani.

Jirani: Verlin Oakes, wa Idaho. Mgane, mkewe alifariki miaka miwili iliyopita. Ameendesha magari ya kuondoa theluji milimani kwa miaka thelathini na mbili. Gari lake linalizidi letu kwa futi nne, na nyuma anakokota gari dogo la kutembelea. Alifika Ijumaa. Jangwa lote lilikuwa wazi mbele yake, mpaka linapokutana na mbingu! Akaegesha hatua ishirini na tatu kutoka mlangoni petu. Nimezihesabu.

Anamwita Stefka "shemeji". Tangu lini mimi ni ndugu yake?

Jumanne, 4 Februari

Saa kumi jioni Loretta wa Texas alipiga kikaango chake kama kawaida, na kila mtu akatoka na kiti chake na kinywaji chake. Utaratibu wa kambi ni rahisi: mduara mmoja, mume kando ya mke, na hakuna agusaye kiti cha mwenzake. Verlin alikuja wa mwisho. Akaweka kiti kushotoni mwa Stefka. Stefka akageuza chake ili amsikie vizuri. Kidogo tu. Lakini anayegeukia upande mmoja huupa upande mwingine mgongo.

Stefka alisimulia habari ya dubu wa Waterton, aliyeingia jikoni na kula keki ya harusi ya dada yake. Husimulia vizuri. Alipofika penye dubu na krimu puani, akasema ilikuwa Alhamisi. Nikamsahihisha: ilikuwa Jumatano.

Akanyamaza. 

"Mwache shemeji amalize, Mwalimu," Verlin akasema. "Dubu hana kalenda."

Wote wakacheka. Loretta alimwaga kinywaji chake. Stefka alicheka kuliko wote, na hadithi akaimaliza akimtazama yeye.

Nimefundisha sarufi miaka thelathini na nane. Kosa likipita bila kusahihishwa huzaa. Hilo nalishikilia.

Hata hivyo. Harusi ilikuwa Jumamosi. Dubu alikuja siku mbili kabla ya harusi. Nimehesabu kwa vidole. Nimehesabu tena. — Jibu sitaliandika.

Jumatano, 5 Februari

Upepo. Vumbi hadi kwenye chumvi.

Stefka amekwenda mjini na Verlin, kwa lile gari dogo, kufua nguo na kuchota maji. Mimi nilibaki nikaze boriti ya turubai la kivuli. Waliondoka saa nne. Wamerudi saa nane na dakika kumi. Kufua, kukausha na kukunja ni saa mbili na robo, nimewahi kupima.

"Mmekawia," nilisema.

"Tulikula pai."

"Pai ya nini?"

"Ya cheri, Orest. Unataka na kiasi cha sukari?"

Nilimsaidia kushusha madumu. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na marundo mawili ya nguo. Letu nililitambua. La pili lilikuwa mashati ya Verlin: mikono imekunjwa mgongoni, kola juu, kifungo cha kwanza kimefungwa. Hivyo ndivyo mama yake Stefka alivyokuwa akikunja. Duniani sijamwona mwingine anayekunja hivyo ila binti yake.

Mashati saba. Mtu mmoja ana haja gani ya mashati saba jangwani?

Alhamisi, 6 Februari

Nimechungulia kupitia pazia. Ninaandika hivyo kwa kuwa ni kweli.

Saa tano Stefka alitoa nje kiti cha kukunja, taulo la buluu, kitana na mkasi wake. Ni ule mkasi wa Kijerumani, aliokuwa akiutumia saluni kwake Yorkton kwa miaka ishirini na sita. Tangu alipoifunga saluni, mkasi ule umekata kichwa kimoja tu. Changu. Kila Jumamosi ya tatu. Sina nywele nyingi za kukata, lakini humchukua dakika arobaini. Hatuzungumzi. Vidole vyake huwa baridi. Sijui kwa nini nimeandika habari ya vidole.

Verlin alikaa. Nywele za mtu huyu! Ana miaka sabini na minne, na kichwa kimejaa kama shamba la ngano. Stefka alimfunga taulo shingoni, kisha akamwinamisha kwa vidole viwili, nyuma ya sikio. Ndivyo anavyoniinamisha mimi.

Nikatoka. Nikasimama penye ngazi.

"Mwalimu!" Verlin akaita bila kugeuka. "Njoo ushuhudie. Shemeji ananirudisha ujanani."

"Acha kutikisa kichwa," Stefka akamwambia. "Nitakukata sikio, uwe husikii kama Orest."

Wakacheka wote wawili. Loretta alikuwa akipita na mbwa wake.

"Foleni inaanzia wapi? Mimi wa pili!" Kisha akaniona. "Mwalimu, mbona uso huo? Umemeza betri?"

Nikasema nimetoka kutafuta pimamaji. Pimamaji ilikuwa mkononi mwangu.

Nilirudi ndani. Dakika hamsini na tano! Kumi na tano zaidi ya zangu. Na katikati wakanyamaza. Kicheko cha Stefka nimekizoea. Hupita kuta mbili za bati kama hazipo. Kimya ndicho kilichonitoa jasho.

Alipoingia kuosha mkasi, nilimwambia: "Umemkata nywele."

"Zilikuwa ndefu."

"Mjini hakuna vinyozi?"

"Wapo. Miaka miwili amekuwa akienda kwao." Alikuwa akiufuta mkasi, ubapa mmoja, kisha mwingine. "Mkewe ndiye aliyekuwa akimkata. Nilipofika nyuma ya sikio alilia, Orest. Mtu mzima yule. Akaniomba radhi kwa kulowesha taulo."

Nilisema kwamba kulia ni mbinu ya zamani.

Aliacha kufuta. Alinitazama kama anavyotazama doa ambalo sabuni imeshindwa.

"Mbinu," alisema. Basi. 

Upepo umeleta nywele zake hadi kwenye ngazi yetu. Nyeupe, ndefu. Nimefagia mara mbili. Zinarudi.

Ijumaa, 7 Februari

Nimetangaza mduarani kwamba kesho tunaondoka kwenda Why, kusini, karibu na mpaka.

"Si ulisema mpaka tarehe kumi na tano?" Loretta akashangaa.

"Mipango hubadilika."

"Yako? Mwalimu, ratiba yako ina ratiba yake!"

Kicheko. Nikakivumilia.

"Why ni kuzuri," Verlin akasema, akijipapasa shingo iliyonyolewa. "Mimi pia nilikuwa nafikiria kwenda."

"Tangu lini?"

"Tangu uliposema."

Nilimweleza kwamba njia ile ina upepo mbaya kwa gari refu kama lake.

"Nimeendesha kwenye theluji ya futi tisa, Mwalimu. Halafu barabara yenyewe ni ya serikali."

Stefka alikuwa akitazama glasi yake. Hakuigeuza. Hakunywa.

Tulipoingia ndani akafunga mlango polepole. Angeubamiza ningejua la kujibu.

"Ungeniambia."

"Nimekuambia."

"Umewaambia wao. Mimi nilikuwa mmoja wa wasikilizaji."

Nikasema tumekaa hapa muda mrefu, maji yanapungua, tangi la maji machafu limefika robo tatu. Yote ni kweli.

"Unanikimbiza," alisema. "Kama mzee anayehamisha kuku kwa kuwa jirani amewatupia mahindi. Miaka arobaini na mitatu, Orest. Ninakaa kiti cha mbele na ramani mapajani. Nikisema kulia, unatazama kwanza kama ni kulia kweli. Kesho nitalala nyuma."

"Sheria hairuhusu mtu kulala nyuma gari likiwa barabarani."

"Basi niitie polisi."

Baadaye, akiwa ameshika kasha la dawa zake za presha, akasema jambo jingine, kwa sauti ya kawaida kabisa. Tukifika Why ataamua kama anaendelea nami hadi Aprili au anapanda ndege kwenda kwa Larysa. Na akienda kwa Larysa, hajui kama majira yajayo ya baridi atarudi kwenye gari hili. Akameza vidonge viwili. Akaniuliza kama nimefunga gesi.

Nilikuwa nimefunga.

Jumamosi, 8 Februari
Dateland, Arizona. Saa sita na dakika ishirini mchana.

Ninaandika nikiwa kwenye kiti cha dereva.  Niandike kwa mpangilio.

Tuliondoka jangwani saa tatu kamili. Verlin alikuwa bado anakunja mkeka wake, nikafurahi. Stefka alijifungia chumba cha nyuma kama alivyoahidi, na mto wake na lile blanketi la mraba-mraba. Hatukusemezana hadi Yuma.

Yuma niliingia kituo cha mafuta. Kujaza tangi kama letu ni dakika kumi na mbili. Niliingia dukani kulipa kwa kuwa mashine ya nje iliikataa kadi yangu ya Kanada, kama kawaida yao. Nikarudi. Nikasoma orodha yangu ya kituoni kwa sauti, ili naye asikie kwamba mambo yanakwenda sawasawa: kifuniko cha tangi — kimefungwa. Ngazi — ndani. Kabati la jiko — limekazwa. Friji — imefungwa. Mlango wa upande — umefungwa. Vioo — vimefutwa. Tisa kwa jumla. Nikatia alama zote tisa.

Mke hakuwamo kwenye orodha. Mwandishi wa orodha ni mimi.

Nikasema kwa sauti, "Tunaondoka." Chumba cha nyuma hakikujibu. Mlango wake ulikuwa umefungwa vilevile. Nikasema moyoni: bado amenuna. Nikawasha gari. Simu nilikuwa nimeizima sauti, kama nifanyavyo kila ninapoendesha.

Maili kumi za mwanzo nilimfokea. Nilimwambia kwamba mwanamke wa miaka sabini na mmoja hakunji mashati ya mwanamume asiye wake. Nilimwambia kambi nzima imeona. Hakujibu. Nikaona ukimya wake ni kiburi, nikaongeza sauti.

Baada ya kilima cha Telegraph barabara ikanyooka. Jangwa pande zote mbili, na reli. Nikaishiwa na maneno ya kufoka.  Kisha nikaanza kusema mengine.

Hayo nitayaandika chini. Kwanza nimalize yaliyotokea.

Nilimaliza kusema karibu na hapa. Ukimya wake sasa niliuona kuwa ni wa namna nyingine. Niliuona kuwa ni msamaha. Hata nilisikia kama anavuta pumzi. Nikashika njia ya kutokea, nikaegesha, nikaingia dukani, nikanunua vikombe viwili vya maziwa ya tende, yale mazito yenye barafu anayoyapenda, yanayoziba mrija. Nikapanda ngazi bila kuyamwaga. Nikabisha kwa kiwiko.

"Stefka. Nimekuletea ya tende."

Nikafungua.

Mto. Blanketi la mraba-mraba, limekunjuliwa nusu. Simu yake kwenye chaja, taa ya kijani.

Niliangalia chooni. Niliangalia ndani ya kabati la nguo! Mtu mzima mwenye vikombe viwili mkononi anafungua kabati la nguo kumtafuta mkewe.

Kisha nikaitazama simu yangu. Namba ya Arizona nisiyoijua, mara tatu. Namba ya Idaho, mara nne.

Nikapiga ya Idaho.

"Mwalimu!" Verlin. "Habari za safari?"

"Stefka —"

"Ninaye hapa Yuma. Hajambo. Anamaliza chipsi zangu."

Sauti ya Stefka ikaja kwa nyuma, wazi kabisa: "Muulize amegundua mwenyewe au ameambiwa."

Nikasema nimegundua mwenyewe.

"Anasema mwenyewe," Verlin akapeleka ujumbe.

"Baada ya muda gani?"

Nilitazama saa. Saa moja na dakika tano.

Verlin akampa jibu.  Kisha nikamsikia Stefka akicheka. Nimekijua kicheko hicho tangu mwaka 1981, lakini hiki cha leo hakikuwa miongoni mwa ninavyovijua.

Verlin akanieleza. Nilipoingia dukani kulipa, Stefka aliingia chooni kwa mlango wa nyuma wa duka. Alipotoka akaniona nikiingia barabara kuu, nimewasha taa ya ishara, kwa adabu zote. Alikimbia hadi penye pampu ya mwisho. Mama wa kaunta akampa simu yake. Alinipigia mimi kwanza, mara tatu. Ndipo akampigia Verlin, aliyekuwa maili ishirini nyuma.

"Nageuza, nawafuata," nilisema.

"Usigeuze, Mwalimu. Tutapishana barabarani kama vichaa. Yeye anasema ukae hapo hapo. Tunakula, halafu tunakuja."

Nikakata simu. Ndipo likaniingia lile ambalo mpaka sasa linanichoma. Simu yake iko hapa kwenye chaja. Majina yote na namba zote zimo humu. Basi namba ya Verlin aliitoa wapi? Kichwani mwake! Wiki moja. Mtu wa wiki moja, na namba yake ameishika tarakimu zote kumi.

Ni kweli, yangu pia anaijua. Alinipigia mimi kwanza.

Nimejaribu kuikumbuka namba yake yeye. Ninafika tarakimu ya sita.

Saa saba na dakika ishirini na tano.

Wamefika dakika kumi na tano zilizopita. Wameegesha kando, mlango ukitazama mlango. Injini ya Verlin haikuzimwa.

Verlin alishuka peke yake. Nywele zake zimekatwa vizuri, siwezi kukana. Nilitaka aniambie neno la kejeli, nipate pa kushika. Hakusema.

"Mimi nakwenda kunywa kahawa," alisema. "Nitainywa polepole. Anasema uende wewe kwenye dirisha."

Nikaenda. Stefka alikuwa kwenye kiti cha mbele, mkanda umefungwa. Akashusha kioo. Nusu.

"Maili sitini, Orest."

"Hamsini na nane," nikasema.

Laiti ulimi ungekuwa na breki! Niliona mkono wake ukirudi kwenye kitufe cha kioo. Nikaweka vidole juu ya ukingo wa kioo, kama mtoto.

"Nilidhani uko nyuma. Nilikuwa nikizungumza nawe njia nzima."

"Na mimi nilikuwa nikijibu nini?"

"Ulikuwa umenyamaza."

"Na hilo halikukushangaza." Alitazama mbele, kwenye minara ya mitende. "Haya. Ulikuwa unaniambia nini?"

"Mengi."

"Sema moja."

Nikafungua mdomo. Verlin alikuwa nyuma ya kioo cha duka, na kikombe, ametupa mgongo kwa heshima. Mgongo ule na shingo ile iliyonyolewa! Maneno yaliyotoka yenyewe barabarani yakakwama. 

"Kwa kitanda umeweza," alisema. "Kwangu huwezi." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma kipimo cha mafuta. "Basi nenda kaandike. Si ndivyo unavyofanya kila siku? Unadhani sijui? Daftari unalificha kwenye kabati la mabomba. Miaka tisa sijaligusa. Kahawa ya Verlin ikiisha nitajua la kufanya."

Akapandisha kioo.

Kwa hiyo ninaandika. Kutoka hapa ninamwona: upande wa uso wake, miwani, mkono kwenye mkanda.

Nilichosema kati ya Telegraph na Dateland:

Nilisema nina wivu. Nililisema neno lenyewe. Nilisema si wivu wa kijana, anayetaka kupigana. Ni wivu wa mtu aliyesimama nje ya nyumba yake mwenyewe anasikia watu wakicheka ndani, na ufunguo anao mfukoni, na hajui mlango unafunguliwaje.

Nilisema ilikuwa Alhamisi. Nimejua tangu Jumanne. Dubu alikuja Alhamisi, na wewe ulikuwa sahihi, na hata ungekosea, hadithi ilikuwa yako.

Nilisema kwamba Verlin alipolia sikuona mbinu. Niliogopa. Niliona kichwa changu chini ya mkasi wa kinyozi nisiyemjua, nimefiwa au nimeachwa, sikujua lipi, na hakuna mtu wa kuniinamisha kwa vidole nyuma ya sikio. Nilisema zile dakika arobaini za Jumamosi ya tatu ndizo ninazozisubiri. Nywele zangu zingemalizika kukatwa kwa dakika kumi. Ninajua. Nimejua siku zote kwamba unakata hewa ili tukae. Sikuwahi kukuambia kwamba ninajua.

Nilisema ninasahihisha kwa sababu unaposimulia, watu wote wanakutazama wewe, na mimi sina pa kuingilia ila penye kosa.

Nilisema sikutaka kwenda Why. Nilitaka uwe mahali ambapo hakuna kiti kushotoni mwako.

Hilo la mwisho nililisema kwa sauti ndogo. Labda hata kitanda hakikusikia.

Nimesoma nilichoandika. Ni sahihi. Ni kifupi kuliko nilivyosema, lakini ni sahihi.

Nilifikiri nichane ukurasa huu nimpelekee. Nikaushika kwenye pembe. Lakini nikiuchana atauona ulivyokatwa, atajua kuna kurasa za kabla yake: mashati saba, pai ya cheri, pazia, "mbinu ya zamani". Yamo yote. Na yaliyomo kwenye madaftari mengine manane kule kabatini! Humo nimemwandika vibaya mara nyingi, kwa ufasaha.

Verlin ametoka dukani. Ametupa kikombe kwenye pipa. Amesimama kwenye jua, hatembei. Ananipa muda, mtu huyu. Hata hilo linaniuma.

Stefka amefungua mlango wa upande wake. Mkanda umetoka. Mguu mmoja umeshuka hadi chini, kiatu kwenye changarawe. Mwingine bado uko ndani. Amekaa hivyo, ananitazama kupitia vioo viwili.

Sichani. Ninakwenda na daftari lote.